Namba za Mwalimu Dripu

Wanafunzi walimwita Dripu. Katika shule ile, ambako mkuu aliitwa Kiazi na mwalimu wa hesabu aliitwa jina lisiloandikika, hilo lilikuwa jina la heshima. Lilitokana na mirija ya hospitali. Shule ilikuwa na bureti sita za kioo, nne kati yake zikivuja kama pua za watoto wa chekechea, na wanafunzi wa kemia zaidi ya mia. Bureti, kwa ninyi mliokimbilia masomo ya sanaa mapema, ni mrija mrefu wenye namba ubavuni na koki ndogo chini. Unadondosha asidi tone kwa tone mpaka ujue ni kiasi gani hasa kimetosha. Wizara iliombwa bureti mara tatu. Mara ya tatu ilijibu: ikaleta mipira ya wavu.

Mke wa Dripu alikuwa muuguzi, na stoo ya wodi yake ilikuwa na katoni za dripu zilizopitwa na tarehe, zikisubiri kuchomwa moto. Dripu akaziomba. Akachukua bomba la sindano kubwa, lile lenye mistari ya namba, akaliunganisha na mrija wa dripu wenye kigurudumu cha kubana, akalifunga kwenye kipande cha ubao. Ikawa bureti. Jumamosi mbili mfululizo walikaa mezani yeye na mkewe wakiziunganisha, mke akikagua kila moja kana kwamba kuna mgonjwa amelala chini yake. Zikafika arobaini na tatu.

Baada ya hapo hakushikika. Alichemsha maua mekundu ya shule mpaka bustani ya mkuu ikabaki matawi matupu, kwa sababu maji yake yanageuka rangi moja ukitia limau na nyingine ukitia maji ya majivu. Alijenga molekuli kwa vifuniko vya soda. Ili kueleza ukubwa wa atomu aliweka punje moja ya njegere katikati ya uwanja wa mpira, akamwambia golikipa wa shule akimbie pembezoni: wewe ndiye elektroni, usisimame. Kengele ililia, darasa likaondoka, na hakuna aliyemkumbuka elektroni mpaka saa ya chakula. Habari ya metali, ipi ina nguvu ya kumsukuma mwenzake, aliifundisha kwa foleni ya bombani. Potasiamu ni yule mama asiyejua maana ya foleni. Dhahabu ni yule mzee anayepisha kila mtu mpaka maji yanakatika.

Haya yote aliyaandika katika kitini cha kurasa thelathini na mbili, Kemia Bila Maabara, na kitini kikatoroka. Walimu wa shule nyingine wakakitoa kopi, kisha kopi ya kopi, mpaka kukawa na shule zinazofundisha kwa nakala ambayo herufi zake zimebaki kama nyayo za kuku. Kwenye semina za walimu, zile ambazo mwezeshaji anawarukisha watu wazima wenye wajukuu kama vyura ili kuchangamsha ukumbi, kitini kilisifiwa sana na watu ambao hawakukisoma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na Jedwali la Mfano, la kuonyesha namna ya kuandika vipimo vya bureti. Mara ya kwanza 24.6. Mara ya pili 24.5. Mara ya tatu 24.7. Wastani, 24.6. Zilikuwa namba za kubuni, alizichagua kwa sababu zinajumlika bila ugomvi. Jedwali hilohilo alilichora ubaoni kila muhula kwa miaka kumi na moja.

Kisha mkewe akafa. Aliugua wiki tatu, katika wodi yake mwenyewe, akitundikiwa dripu na wenzake wa zamu.

Dripu hakulia. Watu walikaa mkao wa kumshika, wengine wakiwa wameacha kazi zao kabisa kwa ajili hiyo, akawaangusha. Jumatatu alirudi shuleni akafundisha chumvi na besi. Alikuwa kama mtu ambaye daktari wa meno amempiga ganzi kisha akasahau kung'oa. Alikula alichowekewa. Mzaha aliucheka, ila nusu sekunde baada ya wengine, kama simu inayopigwa kutoka mbali. Na alifundisha vilevile alivyofundisha siku zote, foleni ya bombani, njegere uwanjani, maneno yaleyale na vituo vilevile, kiasi kwamba hakuna aliyeona tofauti. Wanafunzi waliendelea kucheka. Golikipa mpya aliendelea kukimbia.

Dada yake alikuja kukaa naye wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nane, na alikuwa ameshahamisha mpaka masufuria.

"Wewe mdogo wangu, unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Haya, nimesema nini?"

"Umeuliza kama nakusikia."

"Yarabi. Kabla ya hapo!"

Kabla ya hapo hakujua.

Asubuhi ya mtihani wa taifa wa vitendo alifika maabara saa kumi na mbili na nusu, shati limepigwa pasi na dada, viatu vimepigwa rangi na dada. Kwenye droo ya mkuu kulikuwa na barua iliyokwisha kutangazwa mbele ya shule nzima: Dripu amechaguliwa kuandika mwongozo wa walimu wa kemia kwa nchi yote, mbinu zake zote, kwa wino halisi, bila nyayo za kuku. Mkuu aliitangaza kana kwamba yeye ndiye aliyechemsha yale maua.

Mtihani huu una kanuni moja ambayo lazima niieleze, maana habari yote imekaa juu yake. Asidi ya kila shule inachanganywa palepale shuleni, kwa hiyo ya huku inaweza kuwa kali kidogo kuliko ya kule. Ndiyo maana mwalimu wa somo hupima kwanza, kwa asidi ileile na besi ileile watakayotumia watahiniwa. Namba anayopata inaandikwa kwenye fomu, fomu inatiwa kwenye bahasha, bahasha inabandikwa lakiri. Msahihishaji, huko aliko, anachukua namba ya mwalimu na kuipima ya mtoto kwayo. Ukiikaribia, unapata alama. Ukiwa mbali nayo, umekosa, hata kama macho yako ni ya mwewe. Kwa asubuhi moja katika mwaka, mwalimu wa kemia ndiye ukweli wenyewe.

Dripu alijaza bureti ya kioo, mojawapo ya ishirini zilizoazimwa kwa ajili ya siku hiyo. Akaweka besi kwenye chupa, akatia matone mawili ya dawa ya rangi, maji yakawa ya njano. Yanapogeuka kuwa ya chungwa, hapo ndipo unafunga koki na kusoma. Akafungua koki.

Hakuwa anamfikiria mkewe. Najua hivyo ndivyo mngependa kusikia, mhuzunike kwa raha. Hakuwa anafikiria kitu. Koki ilikuwa wazi, matone yalikuwa yanadondoka, na ndani ya kichwa cha yule mtu kulikuwa kweupe kama sahani iliyooshwa. Akili ilipomrudia, kalamu ilikuwa mkononi na fomu ilikuwa imejazwa, kwa mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula.

Msimamizi, ambaye kwa kanuni alipaswa kusimama nyuma yake tangu tone la kwanza, alikuwa mwalimu wa kemia wa shule nyingine, mtu mnene na mpole, na wakati huo alikuwa kwenye meza ya pembeni akihesabu bahasha kwa mara ya nne na kunywa chai kwa mara ya tatu. Alikuja, akaiangalia fomu, akatabasamu.

"Namba nzuri hizi, Mwalimu. Zimetulia."

Akatia sahihi. Bahasha ikafungwa, lakiri ikabandikwa.

Kundi la kwanza, watahiniwa kumi na tisa, liliingia saa tatu na kutoka saa tano, likapelekwa bwaloni moja kwa moja lisije likakutana na kundi la pili, lililofungiwa maktaba. Dripu alikuwa kwenye chumba kidogo cha maandalizi, amekaa. Mhudumu wa maabara, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Beseni kwa sababu ya beseni alilokuwa nalo siku zote, alianza kuzikusanya bureti ili aoshe. Wanafunzi walikuwa wameziacha kama zilivyo baada ya kipimo cha mwisho.

"Mwalimu," aliita kutoka maabara. "Leo umewafundisha kunakiliana?"

"Kwa nini?"

"Njoo uone. Zote zimesimama pamoja kama askari."

Dripu alikuja mlangoni. Zote, kumi na tisa kwa safu, asidi ilikuwa imesimama karibu na 19.8. Nyingine 19.7, nyingine 19.9, moja ya mtoto mwenye haraka 20.3. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuona darasa lililopima vizuri namna ile.

"Mbona unaziangalia hivyo?" Mama Beseni alisema. "Si wamepata?"

"Wamepata."

"Basi furahi, baba. Hata kidogo. Inua hata shavu moja."

"Bahasha inasema ishirini na nne nukta sita."

Mama Beseni aliweka beseni chini. Alikuwa hajasoma kemia darasani, lakini alikuwa ameosha vyombo vyake kwa miaka ishirini, na hiyo ni shahada ya aina yake. Alielewa mara moja kwamba watoto kumi na tisa walikuwa wamepima sawasawa na wangekosa wote, na kwamba kumi na tisa wengine walikuwa maktaba wakisubiri zamu yao ya kupima sawasawa na kukosa.

Dripu alisimama akitafuta, ndani yake, ile hofu ambayo kwa haki ingekuwa imeshafika. Haikuwapo. Alichopata ni hesabu tu. Alama kumi kwa kila mtoto, watoto thelathini na wanane. Katika kundi la kwanza kulikuwa na msichana aliyekuwa kiranja wa maabara, anayerudia mwaka ili apate nafasi ya kusomea ufamasia, na asiyekuwa na alama hata moja ya kugawa sadaka. Mwaka juzi msichana huyo aliona uvivu kupima, akaandika 24.6, 24.5, 24.7 kutoka ubaoni, na Dripu akampa sifuri mbele ya darasa. Ile sifuri ilikuwa ya haki. Alipoikumbuka, akaona kwamba hesabu yake ya leo ilikuwa ileile, ila mwanafunzi alikuwa yeye.

Mkuu na Msimamizi waliitwa. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano kundi la pili kuingia.

"Umeandika namba gani?" Mkuu aliuliza.

"Za kwenye kitini."

"Kitini kipi?"

"Changu. Ukurasa wa mwisho."

Msimamizi alijipiga paji la uso, kofi likasikika. "Ndiyo maana! Nilijiuliza, hizi namba nimeziona wapi, zimenikaa moyoni kama wimbo. Ziko ukutani kwangu! Nimezibandika mwenyewe!" Kisha furaha ya kukumbuka ikamtoka usoni polepole, maana alikumbuka na sahihi yake.

"Sikilizeni," Mkuu alisema, akifunga mlango. Alikuwa mtu mwenye sauti mbili, moja ya mikutano na moja ya vichochoroni, na sasa alitumia ya pili. "Kundi la pili bado halijaingia. Mwalimu unapita mle maktaba, unawatakia heri, unawaambia neno. Ishirini na nne nukta sita. Watoto wana akili, wataelewa."

"Na kundi la kwanza?"

"Kundi la kwanza..." Mkuu aliangalia bureti kumi na tisa kana kwamba ni watoto wa jirani. "Si nusu ya mkate, Mwalimu? Tuokoe nusu ya mkate."

"Ila wale wamepima vizuri, Mkuu."

"Najua wamepima vizuri! Nani amesema hawajapima vizuri? Shida ni wewe, hukupima!"

Lilikuwa jambo la kweli kabisa na Dripu alitikisa kichwa kulikubali.

"Au tufungue bahasha taratibu kwa mvuke wa birika," alisema Msimamizi, na mara akajisikia mwenyewe. "Hapana. Sijasema. Mama, sijasema kitu."

"Mimi naosha vyombo," alisema Mama Beseni.

"Leta fomu ya tukio," alisema Dripu.

Msimamizi alimwangalia kwa huruma. "Mwalimu, fomu ya tukio ni ya moto. Moto, mafuriko, mtahiniwa kuzirai. Mimi nimesimamia miaka tisa sijawahi kuijaza. Tena ukiijaza, wanakuja. Wakija wanauliza nani alitia sahihi."

"Andika nimezirai nimesimama."

"Unatania?"

Dripu alifikiri. "Sijui."

"Ndugu yangu," Mkuu alimshika bega, na safari hii sauti haikuwa ya mikutano wala ya vichochoroni. "Barua yako ya mwongozo iko kwenye droo yangu. Ukijaza fomu hiyo, hawatakupa tena. Nani atakabidhi nchi nzima kwa mwalimu aliyeandika namba bila kupima? Umefanya kazi miaka kumi na moja kwa ajili ya barua ile. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Haya. Na unaona vipi?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mtu alikuwa akimwuliza kwa mwaka na nusu. Alijua barua ni kitu kikubwa, kama mtu anavyojua kwamba chai ni ya moto kwa kuuona mvuke. "Naona zimebaki dakika ishirini na tano," alisema.

Fomu ilipatikana chini kabisa ya kasha, ukurasa umeshikana na mwenzake kwa unyevu. Kulikuwa na visanduku vya moto, mafuriko, ugonjwa, na mwisho kabisa kisanduku cha mengineyo. Dripu alitia alama hapo. Akaandika: Mwalimu wa somo alijaza vipimo bila kupima. Watahiniwa hawakuambiwa na hawahusiki. Msimamizi hakuwa karibu wakati huo.

"Usiandike 'hakuwa karibu,'" Msimamizi alilalamika.

"Niandike nini?"

"Andika... andika alikuwa na majukumu."

Dripu akaandika alikuwa na majukumu. Hakuona sababu ya kuwa mchoyo.

Kisha akapima. Safari hii Msimamizi alisimama karibu naye kiasi cha kumpumulia sikioni, na Mkuu akainama na tai yake ikakaribia kuoga asidi mpaka Mama Beseni alipoivuta kama kamba ya mbuzi. Dripu alifungua koki, akaizungusha chupa kwa mkono wa kulia, macho yakiwa kwenye maji. Alilazimika kujiambia kila tone. Hili limeingia. Hili limeingia. Ilikuwa kazi ngumu kama kubeba mawe. Maji yakaendelea kuwa ya njano, ya njano, ya njano, na kwa tone moja yakageuka.

"Ndiyo hiyo tu?" Mkuu aliuliza. Alikuwa ameongoza shule za sayansi miaka kumi na minne.

"Ndiyo hiyo tu."

"Kumbe."

19.8. 19.7. 19.8. Msimamizi aliandika mwenyewe, akatia sahihi mara mbili kwa kufidia. Bahasha ya pili ikafungwa na kubanwa kwa pini pamoja na fomu ya tukio na ile bahasha ya kwanza, ambayo hakuna aliyeifungua. Kundi la pili likaingia kwa wakati, likapima.

Nyumbani, dada alisikiliza habari yote akiwa amesimama na mwiko.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa amejua."

"Mama Beseni."

"Mama Beseni angekaa kimya. Kwa hiyo umejishitaki mwenyewe, kwa mdomo wako mwenyewe, huo ambao humu ndani hauniambii hata habari ya asubuhi."

"Ndiyo, dada."

"Angekuwapo mkeo mwenyewe angekuchapa." Akasubiri. Alikuwa akimtupia maneno ya namna hiyo kila baada ya siku chache, kwa makusudi, kama mtu anayegonga mlango akijua mwenyeji yumo. Dripu alifikiria kuhusu hilo.

"Asingenichapa," alisema. "Angesoma fomu kwanza."

Dada aliuchovya mwiko kwenye sufuria na kukoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Watu wa bodi ya mitihani walikuja baada ya wiki tatu, wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Walimwuliza Dripu kwa nini. Akawaambia hajui. Walimwuliza kama alikuwa anaumwa, akasema hapana, na wakaonekana kusikitika, maana kulikuwa na safu ya ugonjwa. Msimamizi alipewa onyo na kuondolewa kwenye usimamizi. Alimpigia Dripu simu kumlaumu, akaishia kumwuliza ile habari ya njegere inafanywaje, kwa sababu katika kopi yake mstari huo haukutoka.

Barua ilifika mwezi uliofuata. Mkuu alimsomea kwa sauti, ofisini, wamesimama wote wawili. Uteuzi wa kuandika mwongozo umefutwa. Hataruhusiwa kuandaa wala kusimamia mtihani wowote wa vitendo kwa miaka mitatu. Kwa kipindi hicho maabara itakuwa chini ya mwalimu mwingine, na mhusika akabidhi funguo.

"Na watoto?" Dripu aliuliza.

Mkuu aligeuza karatasi. "Vipimo vya pili vimekubaliwa. Watahiniwa wote watasahihishwa kwa hivyo." Akainua macho. "Wamepona, Mwalimu. Wote thelathini na wanane. Yule kiranja wako pia."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Asante, Mkuu."

Mama Beseni ndiye aliyetumwa kupokea ufunguo. Alimkuta kwenye baraza nje ya maabara akihangaika kuutoa kwenye kishikio, kucha zikiteleza kwenye ile pete ya chuma. Akamnyang'anya, akapenyeza mpini wa kijiko cha kemikali, pete ikafunguka.

"Usilie, bwana," alisema.

"Silii."

"Najua hulii. Nakuambia tu usije ukaanzia hapa, nimeshapiga deki."

Dripu alicheka. Mama Beseni alimtazama upesi, kwa sababu kicheko kilikuwa kimetoka kwa wakati wake. Lakini hakikukaa, na uso ukarudi kama ulivyokuwa. Mama Beseni aliuchukua ufunguo, akautia mfukoni mwa aproni, akabaki amesimama pale bila sababu.

"Kipindi chako cha nne ni kidato cha pili," alisema mwishowe.

"Nakumbuka."

"Kengele imelia zamani."

Dripu akaokota chaki zake na kupita barazani, akaingia darasani. Watoto hamsini wakasimama, viti vikakwaruza sakafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alisema. "Kaeni. Tulikuwa tumefika wapi?"

Alikuwa anauliza kweli.